Muulize Fundi: Chaki inajikaza yenyewe, afu inajifungua yenyewe

Barua za safari hii karibu zote zinahusu kitu kimoja, chaki za kushikia biti zisizotumia ufunguo, zile unazungusha kwa mkono tu, na watu wamezifunga kwenye mashine za milingi (za kuchonga na kutoboa chuma) afu wanagombana nazo. (Kwa mgeni wa karakana, chaki hapa sio ile ya ubaoni.) Nimechagua chache, zingine zilikuwa zinauliza kitu kilekile kwa maneno tofauti.

Fundi shikamoo. Nina mashine ndogo ya milingi, ilikuja na chaki ya ufunguo, nimeichoka maana kila nikibadilisha biti naanza kutafuta ufunguo uko wapi. Nataka ya kukaza kwa mkono ila jamaa mmoja kazini ananiambia hizo ni za kekee za mkononi, kwenye mashine haziwezi kushika. Ni kweli? Na nikienda kununua niangalie nini?

Marahaba. Jamaa yako anachanganya vitu viwili vinavyofanana jina. Ile ya kekee ya mkononi yenye gamba la plastiki ni kitu kingine kabisa, inafungwa kwa uzi na nguvu yake ni ile uliyokaza nayo kwa kiganja, basi. Ya mashine ni chuma kitupu, nzito, na ndani yake kuna skrubu inayosukuma taya tatu zishuke kwenye koni. Sasa utamu wake uko hapa: sehemu ya juu ya chaki inashikwa na spindo (ule mhimili wa mashine unaozunguka), sehemu ya chini pamoja na taya inaweza kuzunguka kidogo peke yake. Biti ikigusa chuma inakataa kuzunguka, spindo inaendelea kusukuma, ile tofauti inazungusha skrubu na taya zinashuka zaidi. Yaani kadiri biti inavyopata shida ndo inavyobanwa zaidi. Kwenye chaki ya ufunguo biti ikizidiwa inateleza na kuchanika shingo, huku inabanwa.

Shika hilo kichwani kwasababu majibu yote ya chini yanatoka hapo hapo. Inajikaza kwa mzunguko wa mbele, kwahiyo mzunguko wowote wa kinyume unaifungua.

Kuhusu ufunguo wenyewe usiudharau sana, ni uvumbuzi wa Mmarekani Arthur Irving Jacobs, hataza yake ni ya 1902, na mpaka leo chaki ya ufunguo inashika vizuri biti kubwa na inakubali rivasi. Kwahiyo ile ya zamani usiitupe, utaitaka siku moja.

Sasa kununua. Kitu cha kwanza wala sio chaki, ni mkia wake, ule unaoingia kwenye spindo. Angalia spindo yako ina tundu la aina gani, Morse 2, Morse 3, R8 (hii ilitokana na mashine za Bridgeport za Connecticut) au nyingine. Afu angalia kama mkia unaouziwa una uzi kwa nyuma wa kushikwa na drobaa, ile boliti ndefu inayopita juu ya spindo. Mikia mingi ya Morse inayouzwa ina ulimi bapa kwa nyuma, hiyo ni ya mashine za kutobolea, haina pa kufunga drobaa, na watu wengi wanainunua kwasababu kwenye picha zote zinafanana. R8 mara nyingi inataka uzi wa 7/16 wenye meno 20 kwa inchi, pima drobaa yako kabla ya kulipa.

Mtego mwingine upo pale chaki inapokutana na mkia, kama umenunua viwili tofauti. Kuna tepa (ile sehemu inayopungua unene kama koni) za B16 na B18, kuna za Jacobs namba 33 na namba 6. B16 na Jacobs 33 upande mnene zinakaribiana sana, moja milimita 15.73 nyingine 15.85, ukiziweka pamoja zinaingia na unafurahi kabisa. Ila mteremko wao haufanani, B16 inapungua milimita moja kila milimita 20, ile nyingine kila 15.75 hivi, kwahiyo zinagusana ukingo mmoja tu na chaki inacheza kama jino linalotaka kung'oka. Ukiweza nunua chaki iliyotengenezwa kipande kimoja na mkia wake, ni ghali zaidi ila ni fupi, haiyumbi sana na haina cha kuchomoka.

Mwisho ukubwa. Usikimbilie ya milimita 16 ukidhani kubwa ndo bora. Nyingi za 16 zinaanzia milimita 3, biti ya milimita 1 utaiangalia tu. Kwa mashine ndogo, chaki ya 1 hadi 13 inatosha, na kama una kazi nyingi za matundu madogo tafuta kadogo ka 0 hadi 8 pembeni.

Kaka Fundi, mashine yangu imefungwa invata (kile kifaa cha kudhibiti mwendo wa mota), nikizima inasimama papo hapo. Tatizo nikizima chaki inafunguka na biti inadondoka. Nilirudisha dukani wakanipa nyingine, ina tabia ileile. Ni feki zote au?

Sio feki, ndugu yangu, na mwenye duka kakuvumilia sana. Rudi kwenye ile maelezo ya juu. Sehemu ya chini ya chaki na taya zake ni chuma kizito kinachozunguka. Invata inasimamisha spindo ghafla, sehemu ya juu inasimama, ya chini bado ina mbio zake inataka kuendelea mbele, na kuendelea mbele wakati ya juu imesimama ndo kufungua kwenyewe. Ni kama abiria aliyesimama ndani ya basi dereva akikanyaga breki.

Mi mwenyewe ilinipata wakati najifunza, biti ya milimita 8 ilidondoka kwa ncha juu ya bamba la alumini nililokuwa nimeshamaliza kulipolishi, ikaacha kidoti kimoja katikati kabisa, kizuri utadhani nimekipima. Bosi aliniuliza hilo tundu liko wapi kwenye mchoro.

Dawa yake: ingia kwenye mpangilio wa invata, ongeza muda wa kusimama. Kama umeweka nusu sekunde weka sekunde 3 au 4, jaribu mpaka uone chaki imetulia. Mashine yenye breki ya mkono, zima kwanza acha mbio zipungue ndo uguse breki polepole. Na ukiweka biti kaza kwa mkono kwelikweli, usitegemee itajikaza kazini, hasa biti nyembamba, maana biti ya milimita 2 haipati upinzani wa kutosha kuizungusha ile skrubu. Shika spindo isizunguke kwa mkono mmoja, zungusha gamba la chaki kwa mwingine, malizia na msukumo mmoja mfupi wa ghafla wa kiganja.

Na nikiwa hapo hapo, kuna watu wanawasha mashine taratibu afu wanashika gamba la chaki kwa mkono ili lijikaze haraka, wengine wanalishika ili kusimamisha mashine. Acheni. Biti ina makali, nyuzi za chuma zilizojiviringa kwenye biti ndo wembe kabisa, na ukivaa glovu ndo umeipa mashine pa kukukamatia.

Mwalimu, mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa pili. Nilitoboa stenlesi na biti ya 12, ilipokuwa inatokea upande wa pili iling'ata ikagoma, nikazima. Sasa chaki haifunguki kabisa, tumejaribu wawili. Naogopa kumwambia mkufunzi.

Mwambie mwanangu, yeye pia imemtokea, hawezi kukataa.

Ulichokiona ni kitu kilekile, inajikaza kadiri inavyozidiwa. Pale biti inapotokea chini kuna kaukuta kembamba kamebaki, makali yanakang'ata badala ya kukakata, nguvu inaruka ghafla na taya zinabana kupita mkono wa binadamu yeyote. Sasa usichukue spana ya bomba ukaanza kuling'ata gamba, utaliharibu na litakukata viganja miaka yote. Kwanza angalia kama chaki yako ina vitundu au vipengele pembeni, hivyo ni vya spana ya ndoano, mara nyingi inauzwa nayo na watu wanaitupa pamoja na boksi. Kama haina, spana ya mkanda inafaa.

Njia ninayoipenda mimi: chomoa umeme kwenye soketi, sio kuzima swichi tu. Shusha chaki mpaka biti iingie kwenye jiliwa, weka vipande vya alumini au shaba pande zote mbili ili usiumize biti, bana kiasi. Afu zungusha spindo kwa mkono kinyume, kwa kushika puli au spana juu ya drobaa ukiwa umehakikisha sio drobaa yenyewe inayofunguka. Biti imeshikwa, chaki inarudi nyuma, utasikia tak, imeachia. Usitumie injini kwa hili hata kama una rivasi, hata kwa mzunguko mdogo.

Kwa mara nyingine, stenlesi na biti ya kawaida ya milimita 12 inataka taratibu, mita 10 hadi 12 kwa dakika kwenye makali, ambayo ni kama mizunguko 300 hivi, na mafuta ya kukatia, na msukumo usioachia maana ukiisugua tu bila kukata inakuwa ngumu. Tundu la kuongozea liwe dogo, unene wa ile pua ya katikati ya biti tu, ukitanguliza tundu kubwa sana makali ya pembeni ndo yanayong'ata. Karibu na kutokea punguza msukumo, usiache mashine ijivute. Shaba ya njano nayo ina tabia hiyo hiyo ya kuvuta biti, mafundi wengi wanapunguza ukali wa makali ya biti kidogo kwa jiwe kabla ya kuitoboa.

Kuanzia milimita 13 kwenda juu mi sitaki tena chaki, natumia biti yenye mkia wa tepa, inaingia moja kwa moja kwenye spindo au kwenye soketi yake.

Naweza kushika endimili (ile ya kuchonga kwa pembeni) kwenye hiyo chaki? Ni kazi ndogo tu, kupitisha mara moja kwenye alumini.

Hapana.

Basi niseme kidogo. Chaki imetengenezwa kubeba msukumo wa kwenda juu, biti inasukumwa ndani yake. Endimili inasukumwa pembeni, na makali yake yaliyojipinda yanaivuta kushuka chini. Taya za chaki ni ngumu, uso wake unateleza na zinagusa mistari mitatu myembamba, na shingo ya endimili nayo ni ngumu, kwahiyo inateleza polepole inashuka na kina cha kazi kinaongezeka bila wewe kuona. Kama chaki imekaa kwenye mkia wake kwa tepa fupi, ule mtikisiko wa pembeni unaiachisha, na hapo una kilo nzima ya chuma inazunguka haijashikwa na kitu. Nunua koleti, ile pete ya chuma yenye mipasuko inayobana shingo pande zote. Najua kuna mtu atasema "mi nimefanya na haikutokea kitu", sawa.

Fundi, nimenunua chaki nzuri tu sio ya bei ya chini, nimeweka dayo geji (saa ya kupimia kuyumba) kwenye biti inaonyesha milimita 0.2. Duka linasema chaki ni ya 0.05. Nani muongo?

Inawezekana hamna muongo, dada, kwasababu umepima biti. Biti za kawaida hazijanyooka kihivyo, zungusha moja juu ya kioo uone mwanga unavyopita chini yake. Halafu sindano ikikaa kwenye mifereji ya biti inaruka tu. Kupima chaki shika kitu kilichosagwa sawasawa, pini ya kupimia, au kama huna, shingo laini ya endimili ya kabaidi ya milimita 10 (hapo tu ndo naruhusu endimili iingie kwenye chaki, na mashine ukiizungusha kwa mkono).

Afu usianzie chini, anzia juu. Toa chaki yote, ingiza sindano ndani ya tundu la spindo, zungusha. Kama spindo yenyewe inayumba 0.03, hakuna chaki duniani itakayokupa chini ya hapo. Ikiwa safi, weka mkia bila chaki, pima kwenye tepa yake ya chini. Afu ndo chaki na pini, pima karibu na taya na tena sentimita tatu chini, maana kuna kuyumba kwa kuhama pembeni na kuna kwa kuinama, na kwa kuinama ndo kunakuua kwenye biti ndefu. Ukipata sehemu iliyo juu zaidi iwekee alama ya kalamu, toa mkia, ugeuze nusu duara, rudisha. Kama alama imehama na chaki kosa liko kwenye mkia au chaki. Kama iliyo juu imebaki upande uleule wa spindo, basi ujue kosa ni la spindo. Na kabla ya yote haya futa tundu la spindo kwa kitambaa safi, kipande kimoja cha chuma chembamba kama ukucha kilichobanwa kwenye tepa kinatosha kukupa hiyo 0.2 yako yote.

Kama ni pale chaki inapokutana na mkia, inawezekana iliunganishwa chafu. Itoe kwa kabari mbili zenye umbo la uma zinazosukumana kati ya chaki na bega la mkia. Ile mbinu ya kutoboa mgongo wa chaki na kusukuma mkia kwa pini ni ya chaki za ufunguo, humu ndani kuna skrubu, utaiua. Safisha tepa zote mbili kwa spiriti zisibaki na mafuta hata kidogo, rudisha taya zote ndani ya chaki zisichomoze, weka chaki uso chini juu ya ubao, ingiza mkia na uupige mara moja kwa nyundo ya mpira. Mara moja. Tepa haihitaji kuonewa.

Ukipata 0.05 umetosheka, 0.1 kwa matundu ya boliti haina neno, wala usikose usingizi. Tundu la biti siku zote linatoka kubwa kidogo kuliko biti, na mahali litakapokaa panaamuliwa na kale kabiti kafupi ka kuanzishia, sio chaki. Ukitaka tundu la kipimo hasa acha nafasi kidogo umalizie na rima, ile ya kusawazisha tundu.

Nikiweka chaki kwenye mashine yangu napoteza urefu, biti inakaribia kugusa kazi kabla hata sijaanza. Nguzo yangu ni ya duara, nikiinua kichwa napoteza senta. Nifanyeje? Na tapu je, naweza kukatia uzi humohumo?

Nguzo ya duara ndo adhabu yake hiyo, ukiinua kichwa kinazunguka na senta imekwenda. Kwahiyo usiinue. Chaki isiyo na ufunguo ni ndefu kuliko ya ufunguo, na wewe huna urefu wa kugawa, tumia koleti za ER32 (hiyo ni saizi yake) kwa kazi zote ambazo tundu lazima likae mahali pake, zinashika mpaka milimita 20, haziyumbi sana na ni fupi. Kero yake kila koleti inabana milimita moja tu, ukibadilisha kutoka biti ya 5 kwenda ya 8 unabadilisha na koleti. Nunua na biti fupi, zile za urefu wa nusu, utaona mashine imekua. Kabla hujafunga kazi kwenye jiliwa, weka biti ndefu kuliko zote utakazotumia kwenye kazi hiyo, ona kama inapita, ndo uweke kichwa pale na usikiguse tena.

Tapu humo ndani usiiendeshe kwa injini, ukirudi rivasi kuitoa chaki inafunguka na tapu inabaki imesimama kwenye tundu peke yake. Ninachofanya ni kuishika humo kwa ajili ya kuanzia tu, umeme umezimwa, nazungusha spindo kwa mkono nyuzi mbili tatu ili iingie wima, afu naifungua naiacha kwenye kazi namalizia na mkono wa tapu. Kama tapu ni ya milimita 10 kwenda juu hata hiyo sifanyi, naweka pini yenye ncha kwenye chaki inakaa kwenye kile kitundu cha mgongo wa tapu, inaisimamisha wima tu, kazi yote anafanya mkono.